Neno na Majirani Zake: Kujenga Msamiati wa Juu wa Kiingereza

Mtu anayesoma gazeti la Kiingereza bila kufungua kamusi, lakini akishika kalamu anarudi palepale kwenye *good*, *bad*, *very important* na *a lot of*, hajapungukiwa maneno. Anayo tele, ila yamelala. Kuyaamsha ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Kuongeza mapya ni sehemu ndogo. Wengi huanza kinyume: wanatafuta orodha ya maneno 500 magumu, wanakariri maana ya Kiswahili mbele ya kila moja, na baada ya mwezi wamebaki na dazeni moja ambayo hata hawathubutu kuitumia.

Tazama neno *evidence*. Aliyefika sekondari analijua: ushahidi. Lakini analijuaje? Je, anajua kwamba halina wingi, kwamba *evidences* ni kosa na mtu husema *a piece of evidence*? Anajua ushahidi wenye nguvu huitwa *compelling evidence*, mchache *scant evidence*, wa masimulizi ya mtu mmojammoja *anecdotal evidence*? Kwamba ushahidi hukusanywa kwa *gather*, hupimwa kwa *weigh*, huchezewa kwa *tamper with*, na usipokuwepo hata chembe tunasema *not a shred of evidence*? Mwenye majibu ya maswali haya ana msamiati wa juu, ingawa neno lenyewe ni la kawaida kabisa. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wenzake linaoandamana nao. Maelekezo yote yaliyo hapa chini yanazunguka hoja hiyo.

Unahitaji maneno mangapi?

Watafiti huhesabu familia za maneno, si neno mojamoja. *Decide, decision, decisive, indecisive* ni familia moja, kama ambavyo kwetu soma, somo, msomaji, kisomo, someka na somesha ni watoto wa mzizi mmoja. Kwa hesabu alizotoa mtafiti wa msamiati Paul Nation mwaka 2006, kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada kunahitaji familia 8000 hadi 9000, na kufuata mazungumzo 6000 hadi 7000. Usitishike. Maneno ya mwanzo hufanya kazi kubwa zaidi kuliko ya mwisho, na anayesoma kwa raha tayari ana maelfu.

Kabla ya kugusa neno lolote la ajabu, pitia orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa mtafiti Averil Coxhead mwaka 2000. Ina familia 570 tu, lakini zinabeba takriban asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya kitaaluma. Humo mna *derive*, *constitute*, *subsequent*, *inherent*, *coincide*, *albeit*. Utasema unayajua. Jipime: kwa kila neno jipe sekunde 30 utamke sentensi moja kamili yenye maana, bila kuangalia popote. Maneno 30 ni dakika 15, na orodha nzima ni vikao 19. Lolote lililokukwamisha liwekee alama. Hayo yenye alama ndiyo kazi ya miezi yako ya kwanza. Kumwacha *albeit* ukamfuata *sesquipedalian* (neno refu la kujionyesha) ni kuruka daraja na kutafuta kuogelea.

Mahali pa kuvulia maneno

Maneno yanayokaa ni yale uliyokutana nayo yakiwa kazini, ndani ya matini uliyoisoma kwa sababu uliitaka. Ugumu wa matini ni suala la hesabu. Chukua ukurasa, hesabu maneno 250, piga mstari chini ya usiyoyajua. Yakiwa matano au sita, matini hiyo inakufaa: unaelewa karibu asilimia 98, na hayo machache unaweza kuyabashiri kutokana na yanayoyazunguka. Yakizidi 15, hubashiri tena, unapapasa. Yakiwa sifuri, soma kwa starehe, ila usitegemee kuvuna kipya.

Kisha ganda kwenye mada moja kwa wiki mbili au tatu. Soma makala sita kuhusu mabadiliko ya tabianchi badala ya makala sita za mada sita. Mwandishi wa pili atarudia *emissions*, *curb*, *mitigate* na *tipping point* za mwandishi wa kwanza, na neno huhitaji kukutana nawe mara kumi hivi, katika mazingira tofautitofauti, kabla halijawa mali yako. Anayerukaruka mada hukutana na kila neno mara moja na kuagana nalo.

Usivue yote. Neno lipite maswali mawili: je, nimeliona zaidi ya mara moja? Je, naweza kuona pahali pa kulitumia ndani ya mwezi huu? Katika kumi uliyoyapigia mstari, matano yatabaki. Matano kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 30. Kwa mwaka ni kama 1500. Ukipoteza theluthi njiani bado una 1000. Anayejiwekea 30 kwa siku huacha wiki ya tatu, na sababu si uvivu bali marudio: kila neno jipya huleta nyuma yake mzigo wa kurudiwa, na kwa kawaida kadi za kurudia kwa siku (vipande vyenye swali mbele na neno nyuma) hufika mara saba hadi kumi ya idadi ya maneno mapya. Matano mapya yanazaa kadi 35 hadi 50 kila siku, robo saa au dakika 20. Thelathini yanazaa mia mbili na zaidi.

Kamusi: soma mpaka mwisho wa ingizo

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ifunguliwe mara moja, kupata dira, kisha ifungwe. Tatizo lake ni kwamba lugha mbili hazikati dunia kwa mistari ileile. Kwetu kuazima ni kule kutoa na kule kuchukua. Kiingereza kinatenganisha *lend* na *borrow*. Kwetu mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa na husikia baridi; *hear* hufanya la kwanza peke yake. Anayetegemea kisawe kimoja ataandika *I hear hungry* siku moja, na hatajua alipokosea.

Tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ya Longman hueleza maana kwa maneno mepesi yapatayo 2000, ya Oxford yapatayo 3000, kwa hiyo maelezo hayakutupi kwenye neno gumu jingine. Macho ya wengi huishia kwenye maana ya kwanza. Endelea kushuka. Herufi C na U husema kama nomino inahesabika au la: hapo ndipo *advices*, *equipments*, *furnitures* na *informations* zinapofia. Herufi T na I husema kama kitenzi kinabeba yambwa moja kwa moja. *Discuss* ni T, basi ni *discuss the matter*, wala si *discuss about the matter*, ingawa Kiswahili kinatunong'oneza "jadili kuhusu". *Emphasize on* na *request for*, pale *request* ilipo kitenzi, zina ugonjwa uleule. Halafu kuna lebo: *formal*, *informal*, *literary*, *old-fashioned*, *disapproving*. Hiyo ya mwisho ni ya dhahabu. *Thrifty* na *stingy* wote hawatoi pesa ovyo, lakini wa kwanza anasifiwa kwa uangalifu na wa pili ni mkono wa birika.

Kadi inayofanya kazi

Kadi mbovu ina *reluctant* upande mmoja na "-siotaka" upande wa pili. Utaijibu kwa nusu sekunde kila siku na hutaweza kuitumia milele. Kadi nzuri hukulazimisha kutoa neno kinywani. Mbele yake andika sentensi yenye pengo, herufi ya kwanza ya neno, na kidokezo cha Kiswahili cha hali, si cha neno:

Mbele: *He was r______ to admit that he had lost the file.* Anajua, ila kukiri kunamwia vigumu.

Nyuma: *reluctant to + kitenzi*, mkazo kwenye LUC, jozi zake *reluctant to admit, reluctant to commit, deeply reluctant*, ndugu zake *reluctance, reluctantly*, si rasmi wala si ya mtaani, inaingia popote.

Sentensi itoke ulikolisomea neno, au kwenye kamusi. Usiitunge mwenyewe wakati huu, maana utajifunza kosa lako kwa bidii. Kadi za karatasi na programu za simu kama Anki zote zinafaa. Programu ina faida ya kukupangia siku. Ukitumia karatasi, rudia baada ya siku 1, 3, 7, 16 na 35, na ukikosea rudisha kadi mwanzo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni kisha hupunguza kasi. Ndiyo sababu nafasi kati ya marudio huanza finyu na kupanuka. Kurudia neno mara 20 jioni moja hakuzuii chochote.

Kosa moja huonekana la busara: kujifunza visawe au vinyume kwa pamoja. *Imply* na *infer* zikiingia siku moja zitagandana, na miaka mitano baadaye bado utasita ni ipi ya msemaji na ipi ya msikilizaji. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba maneno ya kundi moja la maana, yakifundishwa pamoja yakiwa mapya, huchukua muda mrefu zaidi kushikwa. Tanguliza moja, liache likomae wiki tatu, ndipo umlete mwenzake. Hilo linazitia dosari orodha nyingi za "njia 20 za kusema *happy*".

Maneno yanayooana

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba maneno huoana kwa desturi. Tunapiga picha, kura, pasi, mswaki, hodi na mbizi, na hakuna anayepigwa. Tunakula kiapo, njama, hasara na rushwa, na hakuna anayeshiba. Mgeni akisema "nimefanya hodi" tunamwelewa, lakini tunajua ni mgeni. Wenye Kiingereza nao hutusikia hivyohivyo tunapoandika *do a mistake* badala ya *make a mistake*. Kura huko ni *cast*, picha ni *take*, kiapo ni *take*, njama ni *hatch*, hasara ni *incur*. Hakuna kanuni ya kuyakokotoa haya, hushikwa jozi kwa jozi.

Zoezi lake ni jepesi na lina faida kuliko kadi 100. Chukua aya moja ya makala nzuri, maneno 100 hivi. Zungushia duara kila nomino ya maana, kisha unganisha kwa mstari na kitenzi na kivumishi chake. Utapata *pose a threat*, *raise concerns*, *reach a compromise*, *a marked decline*. Funika aya, andika nomino peke yake kwenye karatasi, jaribu kuwarudishia wenzi wao. Unapopwaya ndipo penye somo. Ukiwa na shaka kuhusu jozi yako mwenyewe, itafute kwenye hazina ya matini. COCA, ya Kiingereza cha Marekani, ina maneno zaidi ya bilioni moja. Andika nomino, uliza ni vivumishi gani hukaa mbele yake, itakupa kwa mpangilio wa wingi. Jozi yako ikirudi na mifano miwili katika bilioni, itupilie mbali.

Chunga pia maneno yenye ukali wa mwisho. *Exhausted*, *furious* na *freezing* tayari zina "sana" ndani yake, haziongezwi *very*. Zinakubali *absolutely* au *completely*.

Tabaka na mizizi

Kiingereza kina ghorofa tatu. Chini kuna maneno ya asili ya Kigermanik, kundi la lugha lenye Kijerumani ndani yake, juu yake ya Kifaransa yaliyofurika baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, na juu kabisa ya Kilatini na Kigiriki yaliyoletwa na wasomi. Ndiyo maana kuna *ask*, *question* na *interrogate*. *Kingly*, *royal* na *regal*. Kadiri unavyopanda ghorofa, ndivyo neno linavyovaa suti. Hisia hiyo tunayo: kufa ni la Kibantu na linauma, kufariki ni la asili ya Kiarabu na lina adabu. Mwandishi wa ripoti hukaa ghorofa ya pili na ya tatu. Anayemwandikia rafiki ujumbe akitumia *commence* badala ya *start* anasikika kama karani.

Mizizi 40 hivi ya Kilatini na Kigiriki hufungua maelfu ya maneno. Anza na yenye uzao mkubwa: *spect*, kutazama, katika *inspect, prospect, retrospect, circumspect*, *loqu*, kusema, katika *eloquent, loquacious, soliloquy*, *duc*, kuongoza, katika *deduce, induce, conducive*, *bene* na *mal*, wema na ubaya, katika *benevolent* na *malevolent*. Mzizi utumike kukumbukia neno baada ya kuona maana yake kwenye kamusi. Ukiutumia kubashiri peke yake utakuchongea: *invaluable* ni cha thamani isiyopimika, si kisicho na thamani, *inflammable* huwaka moto sawa na *flammable*, na *disinterested* ni mtu asiye na maslahi katika jambo, kama hakimu, si mtu asiyejali.

Mkazo

Sehemu hii hurukwa na karibu kila mtu, halafu hushangaa kwa nini haeleweki. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaupeleka huko hata ugenini. Kiingereza huuhamisha: *PHO-tograph*, *pho-TO-graphy*, *photo-GRA-phic*. Kanuni moja inaokoa maneno mengi: viambishi *-tion*, *-ic* na *-ity* huvuta mkazo kwenye silabi iliyo kabla yao, basi *edu-CA-tion*, *eco-NO-mic*, *elec-TRI-city*. Mengine ni ya kukariri na hayana huruma. *Hyperbole* ni hai-PA-bo-li, silabi nne. *Epitome* ni i-PI-to-mi. *Awry* ni a-RAI. *Determine* ni di-TA-min. *Subtle* haina b hata kidogo. Na *colonel*, pamoja na o zake mbili na l zake mbili, hutamkwa karibu kabisa na kanali wetu. Sikiliza sauti ya kamusi mara tatu, rudia kwa sauti mara tatu, kabla kadi haijaandikwa. Neno lililoingia na mkazo mbovu hutoka kwa shida.

Vitenzi vyenye vijineno *up*, *off*, *out*

Usivijifunze kwa orodha ya *put*: *put up, put off, put out, put down*. Ni mtego uleule wa maneno ya kundi moja. Vikusanye kwa kijineno cha nyuma, kwa maana kila kimoja kina tabia. *Up* mara nyingi humaliza: *use up*, *eat up*, *dry up*. *Off* hutenga au huondoa: *cut off*, *call off*, *write off*. Sisi tunafanya kitu kinachofanana tunapotoka futa kwenda futilia mbali. Kila kimoja kiandikie mwenzake wa ghorofa ya juu: *put off* na *postpone*, *put up with* na *tolerate*, *look into* na *investigate*. Cha kwanza kwa mazungumzo, cha pili kwa barua. Wanafunzi wa hatua za juu huwa na cha pili pekee, na mazungumzo yao husikika kama hotuba.

Nahau

Hapa pana utamu na pana hatari. Anza kwa kuzigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nahau zenye picha kali: *spill the beans*, *bite the bullet*, *throw in the towel*. Fungu la pili ni zile zilizofifia rangi, ambazo hata wenyewe hawazioni kuwa nahau: *shed light on*, *fall short of*, *at odds with*, *on the verge of*, *pave the way for*, *bear the brunt of*, *call into question*. Asilimia 80 ya nguvu zako zipeleke fungu la pili. Hazichekeshi, haziandikwi kwenye mabango ya darasani, lakini hutokea kwenye kila ukurasa wa gazeti, na ndizo humtofautisha anayeandika vizuri na anayeandika sahihi.

Kwa fungu la kwanza, mbili kwa wiki zinatosha. Kila moja iandikiwe umbo lake kamili, kinachobadilika na kisichobadilika, anayeitumia na kwa nani, na sentensi moja uliyoikuta. Kisichobadilika ni muhimu. *Spill the beans* inakubali *the beans were spilled*. *Kick the bucket*, yaani kufa, haikubali. *The bucket was kicked* ni ndoo halisi iliyopigwa teke. Wala hii ya pili haiendi kwenye rambirambi hata siku moja: ni ya mzaha, na msibani pa Kiingereza husemwa *pass away*.

Kuna nahau zetu zinazofanana na zao, nazo ni rahisi kuzishika. Kumwaga mtama kwenye kuku wengi na *spill the beans* ni ndugu kabisa, nafaka kwa kunde. Kwenda mrama ni lugha ya chombo kinachoyumba baharini, na upande wao bahari imewapa *in the doldrums*, *all at sea*, *plain sailing* na *show one's true colours*. Iliyo nzuri kuliko zote ni *at the eleventh hour*, dakika za mwisho kabisa. Imetoka kwenye mfano wa Injili wa vibarua wa shamba la mizabibu, ambamo saa huhesabiwa tangu jua kuchomoza. Mwingereza wa leo saa yake ya 11 haimwonyeshi kwa nini ni karibu na mwisho. Kwetu saa kumi na moja ni jioni, siku inaisha, na nahau inajieleza yenyewe.

Lakini kuna zinazofanana sura na kutofautiana roho. Kutia chumvi ni kuongeza uongo kwenye habari. *Take it with a pinch of salt* ni ushauri kwa msikilizaji asiiamini yote. Chumvi ileile, ila mmoja anaitia na mwingine anajikinga nayo. Kuvunjika moyo ni kukata tamaa, na Kiingereza chake ni *lose heart* au *be disheartened*; ukiandika *I was heartbroken by my results* umepanda juu mno, kwani *heartbroken* ni huzuni ya kufiwa au kuachwa na mpenzi. Mwenye macho makavu kwetu hana haya; *dry-eyed* hajalia tu. Weka ukurasa mmoja wa daftari kwa ndugu hawa wa uongo na uuongeze kila unapomkuta mmoja.

Angalia pia umri na nchi. *It's raining cats and dogs* inapendwa sana vitabuni, lakini watu husema *it's pouring*. Nahau za kriketi kama *a sticky wicket* na *hit for six* ni za Waingereza. Za besiboli kama *out of left field* na *step up to the plate* ni za Wamarekani, na kuzichanganya katika aya moja husikika kama mtu aliyevaa jezi mbili. Hatari zaidi ni *table*: kwa Mwingereza *to table a proposal* ni kuileta mezani ijadiliwe, kwa Mmarekani ni kuiahirisha. Mkutanoni, hilo si suala la mtindo tena.

Kuyatoa nje

Neno jipya litumike ndani ya saa 48, kwa kuandika au kwa kusema. Andika aya ya maneno 120 kuhusu jambo lolote lililotokea leo, na uingize maneno matatu. Matatu, si kumi. Ukilazimisha kumi utapata sentensi kama hii: *The plethora of precipitation obliterated my peregrination.* Kila neno limo kwenye kamusi na sentensi haifai. *Plethora* ni wingi unaopita kiasi wa vitu, haikai na mvua. *Obliterate* ni kufuta kabisa usiache alama. *Peregrination* ni ya vitabuni na yenye mzaha. Mwenye msamiati wa juu angeandika *Heavy rain cut my journey short*, maneno sita ambayo mtoto anayajua, kila moja likiwa karibu na jirani yake halali.

Kwa kusema, kuna zoezi la dakika nne, tatu, mbili. Chagua mada, izungumzie kwa dakika nne ukijirekodi. Rudia habari ileile kwa dakika tatu, kisha mbili. Kasi inapopanda, maneno ambayo ni mali yako hubaki na ya kuazima hudondoka. Yaliyodondoka yarudishe kwenye kadi.

Kila baada ya miezi mitatu chukua maandishi yako matatu ya zamani na matatu mapya. Hesabu *very*, *good*, *thing*, *a lot of* na *get* katika kila maneno 500. Idadi ikishuka bila sentensi kurefuka, uko njiani. Ikishuka huku sentensi zimevimba na umeanza kuandika *utilize* kila palipokuwa na *use*, punguza maneno mapya kwa mwezi mzima, ubaki na zoezi la jozi peke yake.